Barua ya wazi kwa wanaoamua simu ife lini

Kwa wakurugenzi wa kampuni zinazounda simu,
Kwa wakuu wa bidhaa katika kampuni za programu,
Kwa wasimamizi wa mawasiliano na haki za watumiaji,

YAH: SIMU NZIMA ZINAZOTUPWA

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa heshima, sisi vijana ambao kazi yetu ni kufungua simu mnazounda, kuandika programu zinazoishi ndani yake, na kupokea malalamiko ya wateja zinapogoma. Tuna jambo moja tu. Simu nyingi zinazoishia kwenye droo hazijafa. Kioo kizima, spika inasikika, kamera inapiga, bodi haina hata chembe ya kutu. Kilichokwisha ni betri, au masasisho, au uwezo wa kubeba programu zilizonenepa. Yote matatu yaliamuliwa kwenye vikao vyenu kabla mteja hajaishika simu hiyo mkononi, na yote matatu mnaweza kuyaamua upya.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi. Hizo ni takwimu za Umoja wa Mataifa zilizotolewa mwaka 2024. Kwa uzito, simu ni sehemu ndogo ya mzigo huo. Lakini simu ndiyo benki ya mtu, ndiyo darasa lake, ndiyo ofisi yake, na hubadilishwa mapema kuliko friji au televisheni. Ikizimika, maisha yake yanasimama.

Tuanze na betri, maana ndiko maumivu yaliko.

Betri ya lithiamu huchoka, na kuchoka kwake si kosa la mtu. Kila inapochajiwa, kiasi kidogo cha lithiamu hunaswa kwenye utando unaojengeka juu ya grafiti ya upande hasi wa betri, na hakirudi tena kazini. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, hata kama ni nusu jana na nusu leo. Kwa miaka mingi kipimo kilichozoeleka kilikuwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na mtu anayemaliza chaji kila siku hufika hapo kabla ya kutimiza mwaka wa pili. Joto huharakisha uchakavu. Chaji iliyojaa pamoja na joto huharakisha zaidi, kwa hiyo simu inayolala usiku kucha kwenye chaja chini ya mto inaumia kuliko ile inayochajiwa mara tatu kwa siku juu ya meza.

Kinachowachanganya wateja ni simu kuzimika ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 30. Sababu yake ni hii: betri ikizeeka, ukinzani wake wa ndani hupanda. Mtu akifungua kamera, prosesa inataka umeme mwingi kwa mkupuo, volti inaporomoka chini ya kiwango ambacho bodi inavumilia, na simu inajizima ili kulinda vifaa vyake vya ndani. Chaji ipo, ila haitoki kwa kasi inayotakiwa. Hapo dawa ni betri mpya, basi. Lakini mteja hajui. Anaona simu imechoka, anakwenda kununua nyingine.

Mnakumbuka yaliyoikuta Apple. Desemba 2017 ilikiri kwamba mfumo wake ulikuwa ukipunguza kasi ya iPhone zenye betri chakavu ili zisizimike. Kiufundi lilikuwa jambo lenye mantiki. Kosa lilikuwa kutomwambia mwenye simu, kwa sababu mtu aliyeona simu yake ikiwa nzito hakuwa na njia ya kujua kwamba betri ndiyo mgonjwa. Ufaransa ilitoza faini ya yuro milioni 25 mwaka 2020. Ukurasa wa afya ya betri ulikuwa umeshawekwa kwenye mipangilio mwaka 2018. Tunaomba ukurasa huo uwe kwenye kila simu, ya bei ya juu na ya bei ya chini, ukionyesha uwezo uliobaki, idadi ya mizunguko na tarehe betri ilipotengenezwa. Namba hizo tayari zinasomwa na chipu ndogo iliyomo kwenye betri au na mfumo wa simu wenyewe. Kinachokosekana ni kumwonyesha mwenye mali.

Sasa tazameni kazi ya kubadilisha betri ilivyo, maana tunahisi wengi wenu hamjapata kuishuhudia.

Fundi anaanza kwa kushusha chaji chini ya asilimia 25, kwa kuwa betri iliyojaa ikitobolewa huwaka vibaya zaidi. Anazima simu. Anapasha mgongo joto la nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi kwa dakika kadhaa ili gundi ilainike. Akizidisha, skrini iliyo upande wa pili inaanza kuota madoa. Anavuta kwa kikombe cha kunyonya mpaka upatikane upenyo wa kupitisha kadi nyembamba ya plastiki, kisha anazungusha pembezoni bila kuizamisha zaidi ya milimita chache, kwa sababu kebo ya alama za vidole inaweza kuwa imepita hapo hapo. Mgongo wa kioo unaweza kupasuka katika hatua hii bila fundi kufanya uzembe wowote.

Ndani anakutana na skrubu zinazofanana kwa macho lakini zinapishana urefu kwa nusu milimita. Kila moja lazima irudi kwenye tundu lake. Ndefu ikiingia pasipo pake, ncha yake inachimba tabaka za bodi na kukata njia za umeme, na simu iliyoletwa kwa ajili ya betri inageuka kuwa simu ya kubadilishwa bodi. Kiunganishi cha betri ndicho cha kwanza kuchomolewa, kabla ya kebo nyingine yoyote. Ukigusa kebo ya skrini umeme ukiwa bado unapita, unaweza kuunguza saketi ya mwanga.

Halafu ndiyo inakuja gundi iliyo chini ya betri. Kama kuna utepe wa kuvutia, unauvuta taratibu, ukiwa umelala karibu usawa wa simu. Ukikatika, unadondosha matone ya spiriti ya isopropili ya asilimia 99 pembezoni, unasubiri dakika mbili au tatu, unaingiza kadi ya plastiki na kusukuma polepole. Chuma ni mwiko. Kuikunja betri ni mwiko. Ndani ya ule mfuko laini, chanya na hasi vimetenganishwa na kiwambo chembamba kuliko unywele. Kikichanika, vinagusana, na joto linalozuka hapo halizimwi kwa kupulizwa. Betri iliyovimba ni hatari zaidi, maana imeshajaa gesi za kemikali zilizooza na mfuko umekaza kama ngoma. Na huyo ndiyo mgonjwa anayetufikia mara nyingi, kwa kuwa mteja alichelewa, na alichelewa kwa sababu aliambiwa kubadilisha betri ni kazi ngumu.

Ni ngumu kwa sababu iliundwa hivyo. Skrubu nne za kawaida, mpira wa kuzuia maji na utepe imara wa kuvutia vingeifanya kuwa kazi ya dakika chache.

Tunajua jibu linalotolewa kila mara: gundi inazuia maji. Tunaliheshimu, maana maji yameua simu nyingi. Lakini Samsung Galaxy XCover6 Pro ya mwaka 2022 ina kiwango cha IP68 cha kuzuia vumbi na maji, na mgongo wake unabanduliwa kwa ukucha, betri inatoka kama zile za zamani. Kinachozuia maji pale ni mpira unaobanwa sawasawa na vishikizo. Nayo Apple, kwenye iPhone 16 ya mwaka 2024, iliweka gundi inayoachia betri ikipitishiwa umeme wa betri ndogo ya volti 9 kwa muda wa kama dakika moja na nusu. Hakuna joto, hakuna kulazimisha kwa kadi. Ujuzi huo umo ndani ya majengo yenu. Tunachoomba ni ushuke mpaka kwenye simu za bei ndogo, ambako wenye nazo ndio wasiomudu kununua nyingine.

Kuna jambo linalotuumiza kuliko gundi, nalo ni vipuri kufungishwa kwenye simu moja. Unachukua skrini halisi kutoka kwa simu iliyoharibika bodi, unaiweka kwenye simu ya toleo lile lile, na simu inakataa: onyo linabaki kwenye mipangilio, marekebisho ya rangi yanazimwa, wakati mwingine kipengele kizima kinapotea. Kipuri ni chenu, mlikiunda wenyewe, ila namba yake ya utambulisho hailingani na ile iliyosajiliwa kiwandani. Oregon, huko Marekani, ilipiga marufuku mtindo huu kwa sheria ya mwaka 2024.

Tunakubali hoja ya usalama pale inapostahili. Kihisi cha alama za vidole na kamera ya kutambua uso ni kufuli la nyumba. Haifai mtu abadilishe kufuli bila mwenye nyumba kujua. Lakini betri haitunzi siri ya mtu. Skrini haitunzi siri ya mtu. Wekeni zana ndani ya simu: mwenye simu anaingiza neno lake la siri, anakubali kipuri kipya, kinasawazishwa pale pale, na mipangilio inaandika ukweli wa wazi kwamba hiki ni halisi kipya, hiki ni halisi kilichotumika, hiki ni cha kampuni nyingine. Mnunuzi wa simu iliyotumika ataona historia yote na hataibiwa. Simu za wizi zinaweza kuendelea kuzuiwa, kwa kuwa vipuri vya simu iliyoripotiwa kuibwa vitakataliwa kwa namba zake.

Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu zinazoingizwa sokoni katika Umoja wa Ulaya zinatakiwa betri yake ibakize asilimia 80 baada ya mizunguko 800, vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo yaendelee angalau miaka 5 tangu toleo lilipoacha kuuzwa. Kampuni zenu zinatimiza masharti hayo huko. Kwa hiyo swali la kama inawezekana limeshajibiwa. Tunachouliza ni kwa nini simu yenye jina lile lile iwe na haki moja sehemu moja na isiwe nayo kwingine.

Tugeukie masasisho.

Sasisho la usalama hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mtu. Google inatoa marekebisho ya Android mara kwa mara. Mtengenezaji wa chipu, kama Qualcomm au MediaTek, anatengeneza sehemu yake. Ninyi wenye jina la simu mnaunganisha na kujaribu. Na mara nyingine kampuni ya laini nayo inataka kukagua. Mmoja akikaa kimya, wote wanakwama. Mara nyingi anayenyamaza wa kwanza ni mwenye chipu, kwa kuwa ameshahamia kwenye chipu mpya. Ndiyo maana ahadi ya masasisho huandikwa siku ya kununua chipu, kwenye mkataba wa ununuzi. Ukishaunda simu juu ya chipu iliyobakiza miaka miwili ya kuhudumiwa, hakuna timu ya programu itakayokuokoa.

Oktoba 2023 Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8, na Januari 2024 Samsung ikaahidi miaka hiyo hiyo kwa Galaxy S24. Tuliipokea kwa furaha ya kweli. Lakini hizo ni simu za juu. Simu za chini, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa watu, mara nyingi bado hupewa miaka michache, na hesabu huanza siku ya uzinduzi. Toleo la bei nafuu linaweza kukaa dukani miaka miwili. Mtu anainunua mpya, ndani ya boksi lenye plastiki yake, kumbe nusu ya umri wake imeshakatwa. Ombi letu hapa ni dogo na halina gharama yoyote ya kiwanda: chapeni tarehe ya mwisho ya masasisho kwenye boksi, mwezi na mwaka, kwa herufi zinazosomeka. Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 inawalazimu watengenezaji kutangaza muda huo. Dawa ina tarehe ya mwisho, maziwa yana tarehe ya mwisho. Simu nayo inayo, ila mmeificha.

Huenda mkadhani simu iliyokatiwa masasisho inaendelea tu kama kawaida huku ikiwa na hatari kidogo. Sivyo. Kila tovuti salama hujitambulisha kwa cheti, na simu hukiamini cheti hicho kwa sababu ina orodha ya vyeti mama iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Vyeti mama huisha muda. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha cheti kimoja cha zamani ambacho Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure kwa tovuti nyingi mno, ilikuwa ikikitegemea, na cheti chake kipya hakikuwemo kwenye Android zilizotangulia toleo la 7.1.1. Mwaka 2020 Let's Encrypt yenyewe ilikadiria kwamba hizo zilikuwa takriban theluthi moja ya vifaa vya Android. Waliziokoa kwa mbinu ya muda, nayo ikafika mwisho wake mwaka 2024. Simu kama hiyo haijavunjika popote. Inafungua tovuti, inaambiwa muunganisho si salama, na mwenye nayo anadhani mtandao ni mbovu. Anahangaika na laini, anabadilisha bando, anarekebisha saa ya simu. Hakuna kinachosaidia, maana kilichokosekana ni faili la kilobaiti chache.

Kwa hiyo mnapoamua kuacha toleo, msiondoke kimyakimya. Toeni sasisho la mwisho lenye vyeti vipya. Ruhusuni mwenye simu kuufungua mfumo wa kuwashia, ili aweze kuweka mfumo mwingine, bila kuomba kibali kwenye seva ambayo nayo mtaizima siku moja. Wekeni hadharani msimbo wa sehemu zinazoendesha vifaa vya ndani, ili jamii za watengenezaji huru ziendelee pale mlipoishia. Na mwambieni mtu kwa ujumbe ndani ya simu, miezi sita kabla, kwa lugha anayoisoma.

Sasa ni zamu yetu wenyewe, maana sehemu ya tatu ni sisi tunaoiandika, kwa maagizo yenu wakuu wa bidhaa.

Programu zimenenepa bila faida kwa anayezitumia. Chukueni picha ya wasifu. Mtu amepakia picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Ikifunguliwa ndani ya ramu, kila pikseli hula baiti 4, jumla baiti milioni 48, yaani megabaiti 48 hivi, kwa ajili ya kiduara chenye ukubwa wa ukucha. Wekeni viduara ishirini kwenye orodha moja na simu ya ramu ya gigabaiti 2 inapiga magoti. Kiduara hicho kingetosheka na pikseli 120 kwa 120, ambazo hazifiki kilobaiti 60. Kazi inayotakiwa ni seva kuipunguza picha mara moja inapopakiwa na kuhifadhi saizi tatu. Ni kazi ya siku mbili, na inaahirishwa kila awamu kwa sababu haionekani kwenye onyesho la wakubwa.

Halafu vifurushi vya msimbo wa kampuni nyingine tunavyopachika ndani ya programu: cha matangazo, cha takwimu, cha takwimu nyingine iliyoombwa na idara ya masoko, cha gumzo la huduma kwa wateja. Kila kimoja kinataka kuamka programu inapofunguliwa. Google huhesabu kwamba kuanza kwa programu kutoka mwanzo kukifika sekunde 5 ni kupita kiasi. Kwenye simu dhaifu, programu nyingi zinafika hapo bila shida, na chanzo ni msururu huo tu. Vingi vinaweza kusubiri mpaka ukurasa wa kwanza utokee. Vingine vinaweza kung'olewa na hakuna atakayeviulizia.

Mfano unaotuuma kuliko yote ni msimbo wa kuthibitisha. Mtu mwenye simu ya ramu ndogo anajaza fomu ya kuingia, anaambiwa msimbo umetumwa, anatoka kwenda kusoma ujumbe. Wakati anausoma, mfumo unakosa nafasi na kuifunga programu iliyo nyuma. Anarudi, anakuta ukurasa wa mwanzo. Anaomba msimbo tena. Wa kwanza umefutwa, wa pili unachelewa, anaingiza wa kwanza, anaambiwa amekosea. Mara tatu, akaunti inafungwa. Huduma kwa wateja wanamjibu kwamba simu yake imepitwa na wakati. Simu haina kosa lolote hapo. Mwandishi wa programu alitakiwa kuhifadhi hatua aliyofikia mtu kabla hajatoka, kuruhusu msimbo usomwe wenyewe ujumbe unapoingia, kuupa msimbo uhai wa dakika 5 hadi 10, na ombi la pili lirudishe msimbo ule ule badala ya kuunda mwingine.

Malipo nayo yana ugonjwa unaofanana na huo. Mteja anabonyeza Lipa. Ombi linafika, pesa inakatwa, jibu linapotea njiani kwa kuwa mtandao umeyumba sekunde mbili. Skrini imeganda, anabonyeza tena. Kama programu huunda namba mpya ya muamala kwa kila kibonyezo, seva inaona mteja wa pili, inakata mara ya pili. Namba iundwe mara moja tu, oda inapokamilika, ihifadhiwe kwenye simu kabla ya kutumwa, na itumwe ile ile hata ombi likirudiwa mara kumi. Upande wa seva, namba iandikwe kwenye hifadhidata kwa sharti la kutojirudia kabla ya kugusa pesa. Wengi hukosea hapa: huiandika baada ya pesa kukatwa, na maombi mawili yakiingia kwa pamoja yote yanapita. Kurudia nako kuwe na nidhamu: subiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, ukiongeza sehemu ya bahati nasibu ili maelfu ya simu yasigonge mlango kwa mara moja mtandao unaporudi. Na kamwe msimwandikie mtu "malipo yameshindikana" wakati hamjui. Andikeni kwamba mnathibitisha, kisha thibitisheni kweli.

Makosa haya hayaonekani kwa sababu tunajaribu programu kwenye simu kali, zenye hifadhi tupu, juu ya intaneti ya ofisi. Tunaomba kila timu ipewe simu moja dhaifu ya kudumu: ramu gigabaiti 2, hifadhi imejazwa asilimia 90, kasi ya mtandao imebanwa kwenye kilobiti 400 kwa sekunde na ucheleweshaji wa milisekunde 400. Toleo lisilopita hapo lisitoke. Hata mkubwa akiwa na haraka, lisitoke. Na kabla ya kukata mfumo wa zamani, tazameni kwanza ni watu wangapi wanaotumia, na waachieni njia ya kivinjari yenye mambo ya msingi: kuona salio, kulipa, kutoa data yao.

Kibiashara hamtapoteza. Google ilionyesha mwaka 2017 kwamba kila megabaiti 6 zinazoongezeka kwenye ukubwa wa programu hupunguza kwa takriban asilimia moja kiwango cha wanaoisakinisha. Kwa upande wa vifaa, betri halisi, skrini halisi na kazi ya kuvifunga ni mapato yanayorudi kwa miaka, wakati soko la simu mpya linapanda na kushuka. Tatizo lipo kwenye vipimo mnavyowapa mameneja wenu. Mtu anayepimwa kwa simu zilizouzwa robo mwaka hii hawezi kupigania skrubu zitakazomfaa mtu miaka minne ijayo. Mpimeni pia kwa idadi ya simu za miaka mitano ambazo bado zinawaka na kupata sasisho.

Kwenu wasimamizi hatuna mengi. Tarehe ya mwisho kwenye boksi iwe ya lazima. Alama ya urahisi wa kutengenezeka iwekwe karibu na bei, kama Ufaransa ilivyoanza Januari 2021 kwa alama za 0 hadi 10. Na fundi asiye na mkataba na kampuni atambulike kisheria, auziwe kipuri na mwongozo sawa na aliye nao.

Ndugu wakuu, simu itakayozinduliwa mwaka kesho kutwa inachorwa sasa kwenye meza zenu. Mahali pa betri bado pana mstari mmoja kwenye mchoro, na hakuna aliyemwaga gundi bado. Waiteni wahandisi wenu, waambieni walete skrubu nne, mpira na utepe wa kuvutia, kisha mpeni kijana yeyote wa kazini bisibisi na kadi ya plastiki, akae mbele yenu, na mhesabu dakika.

Wenu katika kazi,

Mafundi simu na waandishi wa programu